JIBU LA MMOJA NI MALI YA WENGI

Katika kazi zote za mikono na za akili ambazo binadamu hujipatia riziki kwazo, hakuna hata moja iliyosimama kwa ujuzi wa mtu mmoja. Seremala alifunzwa na seremala, nahodha alishikwa mkono na nahodha, na fundi cherehani humkumbuka aliyemwonyesha namna ya kukata kola. Hayo yajulikana na kila mfanyakazi. Lakini iko kazi ya zama hizi ambayo watu wengi huidhania kuwa ni ya upweke, nayo ni kazi ya kuandika programu za kompyuta. Watu humwona kijana ameinama mbele ya kioo, hasemi na mtu, wakadhani kuwa yu peke yake. Sivyo hata kidogo. Nyuma ya kioo kile limo baraza, na katika baraza lile wamo watu wa mataifa mengi wasiojuana kwa sura, wanaosaidiana usiku na mchana pasipo mshahara.

Leo twapenda kuwaeleza ndugu wasomaji habari za mabaraza hayo: namna yanavyoendeshwa, faida yake, na hatari inayoyakabili. Jambo hili si la mafundi wa kompyuta pekee. Ndani yake limo swali linalomhusu kila mfanyakazi, nalo ni hili: maarifa yanayozaliwa na jasho la wengi, yawe mali ya nani?

KAZI YENYEWE

Programu ni mfululizo wa maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mashine yaweza kuitii. Mashine ni mtumishi mwenye nguvu nyingi asiye na busara hata chembe. Hufanya lile uliloliandika, wala si lile ulilolikusudia. Kosa katika maagizo hayo huitwa mdudu. Jina hilo lilitumiwa na mafundi wa mitambo tangu kabla ya kompyuta, lakini mwaka 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, wafanyakazi wa kompyuta iliyoitwa Mark II walimkuta mdudu wa kweli, nondo mwenye mbawa, amenaswa ndani ya mtambo. Wakambandika katika daftari lao la kazi, na ukurasa ule umehifadhiwa hata leo.

Makosa ya kila siku si makubwa kama wageni wa kazi hii wanavyodhani. Tuchukue mfano wa mtu anayeandika programu ya kulipa mishahara ya wafanyakazi 12. Katika lugha nyingi za programu hesabu ya vitu vilivyopangwa haianzi na 1, huanza na 0. Kwa hiyo mfanyakazi wa kwanza ni nambari 0, na wa mwisho ni nambari 11. Mwandishi aliyeiagiza mashine imfikie kila mtu toka 0 hadi 12 ataiona ikimtafuta mtu asiyekuwapo, na hapo kazi yote husimama. Anaweza kuyatazama maagizo yale saa nzima asilione kosa, kwa kuwa macho yake yamekwisha kuyazoea. Mwenzake akipita mara moja huliona.

Tuchukue na mfano wa pili, ulio karibu nasi zaidi. Kompyuta nyingi hutunza wakati kwa saa ya ulimwengu, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Basi malipo yaliyofanywa Dar es Salaam saa 8 ya usiku, tarehe 1 Julai, huandikwa katika kompyuta kuwa yalifanywa saa 5 ya usiku, tarehe 30 Juni. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai. Mwandishi wa programu asipokumbuka kuzirudisha zile saa 3, malipo ya mwaka mpya huangukia katika hesabu za mwaka uliopita, na karani asiye na hatia huulizwa maswali. Hapana hesabu ngumu katika kosa hili. Linalotakiwa ni mtu aliyepata kuumia kwalo, amwambie mwenziwe: Ndugu, tazama saa yako.

BARAZA LILIVYOANZA

Mwezi Agosti mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha Oulu nchini Ufini, Jarkko Oikarinen aliunda njia ya watu wengi kuongea kwa maandishi kwa wakati mmoja kupitia kompyuta zilizounganishwa. Njia hiyo ilipewa jina la IRC. Ndani yake watu hujigawa katika mabaraza, na jina la baraza kwa kawaida hutanguliwa na alama ya #. Kuna baraza la lugha hii ya programu na baraza la lugha ile, na baraza la mfumo wa Linux, na mengine mengi. Mwenye kuingia huchagua jina la kupanga, husoma yanayosemwa, na akiwa na shida huiandika.

Kanuni za IRC zilizoandikwa mwaka 1993 zaagiza kwamba ujumbe mmoja usizidi alama 512. Kwa sababu hiyo maneno ya barazani ni mafupi, na mtu mwenye maagizo marefu hayamwagi mbele ya watu. Huyaweka katika ukurasa wa pembeni, kisha hutaja mahali yalipo ili anayetaka akayasome. Zimekuja njia nyingine nyingi za maongezi tangu hapo, zenye picha na sauti, lakini desturi za mabaraza haya ya zamani ndizo zilizowalea mafundi wengi wa programu huria, yaani programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzisoma, kuzitumia, kuzirekebisha na kuzigawa.

ADABU YA KUULIZA

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mabaraza haya yameongeza kwamba kuuliza vizuri ni nusu ya kujua. Mwaka 2001 Eric Raymond na Rick Moen waliandika waraka mrefu juu ya adabu ya kuuliza, na waraka huo umepitishwa mkono kwa mkono miaka mingi. Kwa ufupi, muulizaji hutakiwa aseme mambo manne: alikusudia nini, alifanya nini, mashine ilimjibu maneno gani hasa, na amekwisha jaribu nini. Tena hutakiwa aulize juu ya ugonjwa, si juu ya dawa aliyojichagulia. Maana wako wengi wanaokuja kuuliza namna ya kufunga kamba fulani, na baada ya kuhojiwa sana huonekana kuwa walitaka kuvuka mto, na daraja lilikuwapo tangu zamani.

Hapa vijana wetu wengi hujikwaa, wala si kwa ukosefu wa akili. Mtu aliyelelewa Afrika Mashariki huanza kwa hodi, akaamkia, akawauliza watu hali zao, ndipo aseme haja yake. Akiingia barazani huandika salamu na kuomba ruhusa ya kuuliza, kisha hungoja. Nusu saa yapita, saa yapita, hapana ajibuye, naye huondoka akidhani kuwa amedharauliwa. Hakudharauliwa. Katika mabaraza yale hodi na haja huja pamoja, na mwenye jibu huenda akapita baada ya saa mbili akaliona swali. Akikuta salamu tupu, hana la kujibu. Heshima ya pale ni kutompotezea mwenzako wakati, wala haimkatazi mtu kushukuru akisaidiwa.

Iko faida nyingine katika kulipanga swali. Aghalabu muulizaji akiwa katikati ya kueleza shida yake huliona kosa mwenyewe kabla hajajibiwa. Katika kitabu cha The Pragmatic Programmer cha mwaka 1999, Andrew Hunt na David Thomas walisimulia desturi ya fundi kuyaeleza maagizo yake mstari kwa mstari mbele ya bata wa mpira, yule mchezo wa watoto. Bata hajibu neno, na kosa hupatikana. Jambo la kulieleza jambo kwa sauti ni msaada wenyewe. Baraza ni bora kuliko bata, maana bata hawezi kusema: hapo umekosea.

KWA NINI WATU HUJIBU

Msomaji aweza kuuliza: mtu mwenye kazi yake na watoto wake, hupata faida gani kwa kumjibu mgeni asiyemjua, saa tano ya usiku, bila hata senti? Sababu ziko nyingi. Wengine hujibu kwa kuwa nao walijibiwa. Wengine ndio watengenezaji wa chombo kile, na maswali ya watu huwaonyesha mahali palipo na kasoro. Wengine hujifunza kwa kufundisha, na wengine hupenda sifa tu, wala hapana dhambi kubwa katika kupenda sifa ya kazi njema.

Lakini sababu iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya kujibu mbele ya watu. Swali moja likiulizwa katika baraza lenye watu mia tatu, ajibiwaye ni mmoja, wasikiao ni mia tatu. Aliyekuwa na shida ile ile akaona haya kuuliza, amejibiwa. Na mjibuji akikosea, fundi mwingine husema papo hapo: la, njia hiyo ilifaa zamani, sasa ina hatari. Kwa ajili hiyo mabaraza mengi hayapendi mtu amvute mjibuji faraghani. Jibu la faraghani humsaidia mtu mmoja, na likiwa baya hapana wa kulisahihisha. Ushirika wa mazao hupima mzigo mbele ya wanachama kwa sababu hiyo hiyo.

KASORO ZILIZOMO

Hatusemi kwamba mabaraza haya ni pepo. Wamo mafundi wenye kiburi wanaomjibu mwanafunzi kwa matusi, au kumwambia aende akasome kitabu, bila ya kumwambia ni kitabu gani wala ukurasa gani. Wanawake wengi wameingia wakakutana na maneno yasiyofaa, wakatoka. Ukali huu ulifika hata katika kazi kubwa. Mwezi Septemba mwaka 2018, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliomba radhi hadharani kwa ukali wa maneno yake kwa wafanyakazi wenzake, akapumzika kwa muda, na wakati huo huo kazi ya Linux ikapitisha kanuni mpya za mwenendo.

Hesabu ya hasara ni rahisi. Kila mwanafunzi aliyefukuzwa kwa tusi ni mjibuji mmoja aliyepotea kwa miaka ishirini ijayo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni aliyepigwa siku ya kwanza hatalishika jembe hilo kamwe.

NYUMBA NA WENYE NYUMBA

Sasa twafika kwenye hatari yenyewe. Baraza huhitaji nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Kwa miaka mingi mabaraza ya programu huria yalikaa zaidi katika mtandao ulioitwa freenode, uliokuwa ukiendeshwa na watu wa kujitolea. Mwezi Mei mwaka 2021 watu hao walijiuzulu kwa wingi, wakasema kwamba mamlaka ya mtandao ule yamechukuliwa na Andrew Lee na kampuni yake. Yeye alikana kwamba ameunyakua. Waliojiuzulu walianzisha mtandao mwingine, Libera Chat, kwa chama kisichotafuta faida kilichoandikishwa nchini Sweden. Katika majuma machache mabaraza mengi, miongoni mwao yale ya Ubuntu na Wikimedia, yalikunja mikeka yao na kuhamia huko.

Funzo la kisa hiki li wazi. Kuta zilibaki kwa aliyezishika, lakini watu walikwenda, na baraza likaenda pamoja nao. Waliweza kuondoka kwa sababu kanuni za IRC ni za wote, na programu zake kila mtu aweza kuzipata. Laiti nyumba ile ingekuwa na mlango mmoja wenye ufunguo mmoja, wasingekuwa na pa kwenda.

Kando ya mabaraza ya maongezi yako pia maghala ya majibu yaliyoandikwa yakahifadhiwa. Kubwa lao ni Stack Overflow, lililoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky. Majibu yaliyomo yaliandikwa na mamilioni ya watu bila malipo. Mwaka 2021 ghala hilo liliuzwa kwa kampuni ya Prosus kwa dola za Kimarekani bilioni 1.8. Walioandika majibu hawakupata fungu katika fedha hizo. Kinga yao moja ilikuwa leseni ya maandishi yale, iliyompa kila mtu ruhusa ya kuyanakili na kuyatumia, mradi amtaje mwandishi na kuyatoa kwa sharti lile lile. Mwezi Mei mwaka 2024 wenye ghala walitangaza mapatano na kampuni ya OpenAI, ili majibu yale yatumiwe katika kuzifunza mashine za kampuni hiyo. Baadhi ya waandishi walipojaribu kuyafuta au kuyageuza majibu yao wenyewe kwa kupinga, walisimamishwa. Hapo ndipo wengi walipotambua tofauti iliyopo kati ya kuchangia mali ya umma na kuchangia ghala la mtu.

MASHINE INAYOJIBU

Tangu mwisho wa Novemba 2022, ilipotolewa ChatGPT, waandishi wengi wa programu huipelekea mashine maswali yao badala ya kuwapelekea watu, na maswali mapya katika Stack Overflow yamepungua sana. Haifai kuikataa mashine hiyo kwa chuki. Haichoki, haimtukani mwanafunzi, na hujibu usiku wa manane. Mwenye kosa la ile hesabu ya 0 na 12 ataonyeshwa mara moja.

Lakini mashine hiyo huweza kusema uwongo kwa maneno ya uhakika, na ndiyo sababu mwezi Desemba 2022 Stack Overflow ilikataza majibu yake yasiletwe pale. Na liko neno zito kuliko hilo. Mashine ilijifunza kutokana na maswali na majibu ambayo watu waliyaandika hadharani miaka mingi. Anayeiuliza peke yake chumbani hajibiwi mbele ya mtu. Hapana asikiaye, hapana asahihishaye, wala hapana kinachobaki kwa atakayekuja kesho. Vyombo vipya vya kazi hutoka kila mwaka na makosa yao mapya. Kama hakuna anayeuliza hadharani wala anayejibu hadharani, mashine yenyewe itajifunza wapi? Mkulima aweza kula akiba ya ghala msimu mmoja akashiba. Akila na mbegu, msimu ujao hana cha kupanda.

NA SISI JE?

Vijana wa Afrika Mashariki walifika katika mabaraza haya wakiwa wamechelewa, si kwa uvivu. Hadi mwaka 2009, ulipotua mkonga wa SEACOM wa chini ya bahari katika mwezi wa Julai, pwani yetu ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za ng'ambo, kwa gharama kubwa. Sasa mafundi wako Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala, nao husaidiana sana. Ila msaada wao mwingi hufanyika katika vikundi vya WhatsApp na Telegram. Ni jambo jema, lakini jibu zuri lililotolewa humo leo, kesho limefunikwa na salamu na matangazo, na fundi wa Mtwara asiyekuwamo katika kikundi hana njia ya kuliona.

Zipo shida ambazo wataalamu wa ng'ambo hawawezi kututatulia, maana hawazijui. Nani atamweleza kijana namna ya kuonyesha saa kwa hesabu ya Kiswahili, ambapo saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza tangu mapambazuko? Nani atamweleza la kufanya malipo ya simu yanapokatwa katikati, mteja ametozwa fedha na duka halina habari? M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mafundi wetu wana ujuzi wa miaka mingi katika jambo hilo. Ujuzi huo uko vichwani na ndani ya simu zao, mahali ambapo haumfai mtu mwingine.

Tena iko habari ya lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania husomeshwa kwa Kiswahili, kisha katika sekondari hukutana na Kiingereza. Akija kuandika programu hulazimika kuieleza shida yake kwa lugha ambayo pengine hajaimudu, na swali lililoelezwa vibaya hupata jibu baya. Wangapi wamenyamaza, si kwa kukosa akili ya programu, bali kwa haya ya Kiingereza? Majibu ya Kiswahili yaliyo wazi kwa wote yangewafungua midomo.

Kwa hiyo twasema maneno matatu kwa kila fundi. La kwanza, uliza hadharani kila uwezapo, na ukipata jibu, hata kwa mashine, lijaribu, kisha lipeleke barazani lipimwe na watu. La pili, jibu kwa upole na kwa Kiswahili pale anayeuliza anapokielewa, na jibu lililo zuri liandike mahali panaposomeka na kila mtu, penye sharti la kuruhusu kunakiliwa. La tatu, kabla ya kuweka jasho lako katika nyumba yoyote, tazama kwanza mlango wake: je, siku mwenye nyumba akigeuka, mtaweza kuondoka na mkeka wenu?

Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hiki kilijazwa na watu wengi wasio na majina, kila mmoja kwa mstari mmoja au miwili, usiku baada ya usiku. Wajibu wetu ni kukijaza bila kuchoka, na kukilinda kisigeuzwe mali ya mmoja.